Neno Alilobaki Nalo Rozalia

Rozalia Ćwik alipoletwa wodini kwetu mwishoni mwa Januari, kiharusi kilikuwa kimeshamnyang'anya mkono wa kulia, nusu ya tabasamu, na maneno yote isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa głowa. Hutamkwa gwova, na maana yake ni kichwa. Ukimuuliza jina lake, głowa. Ukimuuliza anataka chai au maji ya matunda, głowa. Akitaka kupelekwa msalani ilikuwa głowa vilevile, ila hapo sauti ilipanda upesi mwishoni, na masista wa wodi hawakuchelewa kujifunza.

Kazi yangu katika hospitali ile ya wilaya ni kuwarudishia watu usemi. Nimewahi kuwa na mzee aliyesoma masomo kanisani kila Jumapili, akabakiwa na tusi moja tu, na mkewe alitokwa na jasho la aibu kila mume alipofungua mdomo. Nimewahi kuwa na mwalimu aliyebakiwa na "Jumanne". Kwa nini neno hili hubaki na lile huondoka, hakuna anayejua. Vitabu tulivyosomeshwa chuoni vinaeleza kwa kurasa nyingi kwamba havijui. Kwa Rozalia niliona heri kidogo. Katika lugha yetu kichwa kimebebeshwa kila kitu. Mtu mwenye shughuli nyingi husema mambo yote yako juu ya kichwa chake. Anayekusumbua anakuzungushia kichwa. Nyumba, hata iwe ya mbao zilizooza, ni paa juu ya kichwa. Anayekunywa vodka asiyumbe ana kichwa chenye nguvu; aliyefanya upumbavu ameanguka kwa kichwa; na kazi ngumu ikimalizika, mtu hushusha pumzi akasema imemtoka kichwani. Mtu aliyebakiwa na neno hilo hajabakiwa na kitu kidogo.

Basi nikawa naanza sentensi, namwachia yeye mwisho wake.

"Mvua inanyesha, lakini sisi tuna paa juu ya..."

"Głowa!"

"Niache nifanye kazi, usinizungushie..."

"Głowa!"

"Eti kanunua farasi kipofu! Huyu ameanguka kwa..."

"Głowa," alisema Rozalia, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kwenye kitanda cha pili alilala Teofila Bąk, aliyevunjika nyonga akishuka ngazi za ghala lake la viazi. Ulimi wake haukuwa umevunjika popote. "Huyu ameshafaulu," alisema. "Marehemu mume wangu alisoma shule miaka saba na hakuwahi kugundua kwamba ana kichwa. Alidhani ni mahali pa kuwekea kofia."

Jambo ambalo watu hawakulisadiki, hata nikilirudia mara ngapi, ni kwamba Rozalia alielewa kila neno. Kiharusi cha namna yake huziba mlango, nyumba huiacha nzima. Ndani taa zilikuwa zinawaka. Lakini wageni walimpigia kelele kama kiziwi, au walizungumza juu yake kama vile wanazungumza mbele ya kabati. Nilimwona akiwatazama, na nilijua kwamba anawasikia vizuri kuliko walivyokuwa wakijisikia wenyewe.

Kijijini kwao Brzozówka, Rozalia hakuwa mtu wa cheo. Alikuwa na ng'ombe mmoja, bustani ya kabichi na sauti nzito iliyoenea chumba kizima. Kwa sauti hiyo alikuwa akiongoza sala nyumba zilizofiwa. Mtu akikata roho Brzozówka, watu walimwita Rozalia kabla ya kumpigia simu mwenye majeneza. Alikuja na rozari mfukoni, akasimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo kwa shuka, akafungua dirisha. Kisha alitoka kwenda zizini kumwambia ng'ombe kwamba bwana wake amefariki, na akapita kwenye mizinga, kama ipo, akaigonga mmoja mmoja kwa ufunguo wa nyumba na kuwaambia nyuki. Kwetu nyuki wasipoambiwa msiba hufa, au huhama kumfuata mwenyewe. Wengine siku hizi huona haya kuifanya kazi hiyo, ndiyo sababu walimwachia yeye. Alipomaliza alirudi ndani, akamshika mfiwa mabega na kumwambia kichwa juu, kwani kuna wageni wa kulishwa.

Mumewe, Wincenty, ndiye aliyekuwa na mizinga mingi kuliko wote kijijini, ameipaka buluu na manjano na kuipanga nyuma ya nyumba. Kila siku alikuja hospitali kwa basi la saa tano. Alikuwa mwembamba, kipara kitupu, na alikaa pembeni ya kitanda na kofia yake ya manyoya gotini, asijue aseme nini. Hakuwa msemaji, katika nyumba yao maneno yalikuwa kazi ya mke. Rozalia alimwekea kiganja cha kushoto juu ya kipara, akakipapasa polepole na kusema, "Głowa." Kwa mtu mwingine yeyote hakulitamka neno lile namna hiyo. Lilikuwa limekuwa jina la mumewe.

"Tangu tuoane ananiita mjinga," Wincenty aliniambia siku moja, masikio yakiwa yamemwiva. "Leo naitwa kichwa. Nimepandishwa cheo, dada."

"Usivimbe," Teofila alimjibu toka kitandani kwake. "Hata kabichi ina kichwa."

Jumatano ya Majivu padri alizunguka wodini. Kwetu majivu hayapakwi kwenye paji la uso, humwagwa utosini. Wagonjwa waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, na Wincenty naye akainama. Kwenye nywele majivu hupotea. Juu ya kipara chake yalikaa kama vumbi juu ya yai, na Rozalia alicheka mpaka machozi yakamtoka, akimwonyesha kwa kidole: "Głowa! Głowa!" Padri naye alishindwa kujizuia akatabasamu. Wincenty alivaa kofia yake juu ya majivu na kwenda kupanda basi.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, jua la kwanza la mwaka lilitoka na nyuki wakaruka nje ya mizinga kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi. Wincenty alikwenda kuwatazama kabla ya saa ya basi. Jirani yao Sabina, aliyekuwa akimkamulia ng'ombe tangu Rozalia alazwe, ndiye aliyemkuta. Alikuwa ameketi chini, ameegemea mzinga, na nyuki wanatembea juu ya mkono wa koti lake kama kwamba ni sehemu ya nyumba yao. Moyo ulikuwa umesimama.

Binti yao wa pekee, Bogumiła, alikuja jioni ileile kutoka Rzeszów anakofanya kazi ofisi ya bima. Ana umri wangu, na siku ile alionekana amenizidi kwa kumi. Alitukuta kwenye chumba cha daktari, hakukaa.

"Mama asiambiwe," alisema.

Daktari alisema kiharusi bado kibichi na shinikizo la damu linapanda na kushuka. Mshtuko haufai, lakini kuficha au kusema ni uamuzi wa familia.

"Basi familia ni mimi. Tunazika Jumamosi. Nitamwambia baadaye, akipata nguvu."

Nikamwambia kwamba mama yake anaelewa kila kitu.

"Dada, wewe unamjua mgonjwa wa kitandani. Mimi namjua mama yangu."

"Ataniuliza. Atakuuliza na wewe."

"Atauliza kwa maneno gani?" alisema Bogumiła. "Hana maneno."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake, hajui kama anafanya hivyo. "Nilikuwa na wazazi wawili asubuhi," alisema. "Nimebakiwa na mmoja. Nisiwazike wote wiki moja, jamani. Nawaomba."

Basi siku ile Rozalia hakuambiwa.

Jumatano basi la saa tano lilikuja, likaondoka. Rozalia alitazama mlango. Masista waliingia na kutoka, na kila mlango ulipofunguka alijiinua kidogo kwa mkono wake mzima. Alasiri akaingia Bogumiła peke yake na mfuko wa machungwa.

"Głowa?" Rozalia aliuliza. Mkono wake wa kushoto ulipapasa hewa, kama mtu anayepapasa kitu cha mviringo. Hata mtoto angeelewa.

"Baba ana mafua, mama. Daktari kamkataza asije kukuambukiza."

"Głowa?"

"Mafua tu. Anakunywa maziwa ya moto na asali. Anakusalimu."

Teofila alijigeuza ukutani kwa shida, na nyonga yake ile, akajifanya amelala. Yeye alijua. Wodi nzima ilijua. Tangazo lenye ukingo mweusi na jina la Wincenty Ćwik lilikuwa limebandikwa kituo cha basi mbele ya lango la hospitali, na kila aliyekuja kutazama mgonjwa alipita mbele yake. Mtu mmoja tu hakuwa na miguu ya kulifikia.

Alhamisi nilikuwa wodini na kadi zangu za picha, namfundisha bwana mmoja kusema "kijiko", Bogumiła akimlisha mama yake supu, na simu yake ikalia. Aliipokea palepale, ameishikilia kwa bega, kijiko mkononi. Aliyepiga alikuwa mpishi mkuu wa kina mama wa Brzozówka, wale wanaopika shughuli zote za kijiji.

"Ndiyo, Jumamosi," alisema Bogumiła. "Ukumbi wa wazima moto, ndiyo, nimeshachukua ufunguo... Arobaini. Tuseme arobaini na tano, jamaa wa Krosno nao watakuja. Mchuzi wa kuku na tambi, kisha nyama na viazi... Hapana, vodka hapana, labda chupa moja kwa wale wabebaji, kwa sababu ya baridi... Keki mnajua wenyewe. Dada yangu, kila kitu kiko juu ya kichwa changu, nisaidieni tu."

Alikuwa mwangalifu. Hakutaja kifo, hakutaja jeneza wala padri, na jina la baba yake halikupita mdomoni mwake. Alidhani amezungumza kwa mafumbo ambayo hata mzima asingeyafumbua. Lakini ilikuwa Kwaresima. Katika Kwaresima hakuna anayeoa Brzozówka, hakuna anayebatiza kwa karamu wala kusherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake. Muziki umefungwa mpaka Pasaka. Ukumbi wa wazima moto ukifunguliwa Jumamosi ya Kwaresima, na mchuzi wa kuku kwa watu arobaini na tano, ni kwa jambo moja tu. Rozalia alikuwa amekaa kwenye meza hizo maisha yake yote, akiomba sala ya kabla ya chakula.

Niliona kijiko kikifika mdomoni na mdomo ukifungwa. Rozalia alimtazama binti yake, akamtazama, mpaka simu ikakatwa.

"Głowa?" alisema, taratibu sana. Kiganja kikapapasa hewa.

"Mama, nimekwambia. Mafua."

Rozalia akageuzia uso wake dirishani. Supu ilipoa ikaganda mafuta juu, Bogumiła bado anakishikilia kijiko.

Nilimfuata kwenye korido. "Ameshajua," nikamwambia.

"Amejuaje? Sijataja kitu."

"Bogumiła, ni Kwaresima. Ukumbi gani huo unaofunguliwa?"

Alisimama. Rangi ilimtoka usoni kisha ikarudi yote kwa pamoja. Nilidhani atageuka arudi wodini. Hata mguu wake uliinuka. "Usinizungushie kichwa, dada," alisema hatimaye. "Sasa hivi nakwenda kuchagua jeneza. Tafadhali, nakuomba, usinizungushie kichwa." Akashuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta.

Sabina alikuja Ijumaa na chupa ya matufaha yaliyochemshwa. Siku zote zile hakuja kwa kuwa aliuogopa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyeweza kuficha hata bei ya mayai. Aliingia akisema mambo ya ng'ombe, kwamba maziwa yamepungua, kwamba theluji inarudi, kwamba paka wa padri amezaa tena na padri anasema ni wa jirani. Hakupumua kati ya neno na neno.

Rozalia alimwacha amalize. Kisha kwa mkono wake mmoja akafungua kitambaa alichojifunga kichwani, kile chekundu cha maua, akakivuta kikatoka na kukiweka mapajani mwa Sabina. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelala upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na mnyama. Akamshika Sabina kitambaa chake cheusi kwenye ukingo, chini ya kidevu, akakivuta kidogo.

"Głowa," alisema, na kugonga nywele zake tupu. "Głowa."

"Unataka cheusi?" Sabina aliuliza. "Nani kakwambia, Rozalka? Nani?"

"Hakuna," alisema Teofila. "Hapa sote tumekuwa waoga, na mimi ndiye wa kwanza. Mpe hicho kitambaa, mwanamke wewe, usimwache kichwa wazi."

Sabina akavua kitambaa chake mwenyewe na kumfunga Rozalia chini ya kidevu, fundo likakataa mara mbili. Kisha akakaa kitandani, ingawa ni marufuku, akamshika ule mkono uliokufa na kuuweka kati ya mikono yake kama anayeupasha moto.

"Nilimkuta kwenye mizinga," alisema. "Hakuteseka, uso wake ulikuwa mzuri. Jua lilikuwa linampiga. Ng'ombe nilimwambia. Nyuki nimewaambia, Rozalka, niligonga kwa ufunguo wenu wa nyumba, mmoja mmoja, kama unavyofanya wewe. Nilisema ni kwa niaba yako."

Rozalia alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea kazi iliyofanywa vizuri. Machozi yalishuka upande mmoja tu wa uso. Upande wa pili ulibaki mkavu na mtulivu, kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine ambaye bado hajapata habari.

Hivyo ndivyo Bogumiła alivyowakuta. Alisimama mlangoni na koti lake, theluji mabegani.

"Sabina! Nilikuomba. Nilikupigia magoti!"

"Sikufungua mdomo mpaka alipoufungua yeye. Muulize."

"Nimuulize nini mtu ambaye... Unataka kumuua mama yangu?"

Sabina akainuka. Sijawahi kumsikia mtu akipiga kelele kwa sauti ya chini kama ile. "Ng'ombe kaambiwa, Bogumiła. Mbwa kaambiwa. Nyuki wote wameambiwa, mzinga kwa mzinga. Aliyelala naye kitanda kimoja maisha yake yote ndiye asiambiwe? Umeanguka kwa kichwa, mtoto wewe?"

Bogumiła alikuja mpaka kitandani, akapiga magoti bila kuvua koti, akasema, "Mama. Baba..." Akajaribu tena. "Baba..." Neno la tatu halikutoka. Akalaza kichwa chake mapajani mwa mama yake, juu ya blanketi la hospitali, na mabega yakaanza kumtikisika. Mkono mzima wa Rozalia ulikuwa karibu kabisa na kichwa hicho, nafasi ya upana wa kiganja. Haukusogea. Sote tuliutazama, na Teofila, ambaye kwa kila jambo alikuwa na neno, akafunga macho.

Jumamosi daktari alimruhusu aende mazishini kwa saa chache, gari la wagonjwa likaitwa, na mimi nikaombwa nifuatane naye. Ibada ya kumuaga marehemu ilikuwa ianze saa nne kwenye kikanisa cha makaburini. Kwa desturi jeneza hukaa wazi humo, watu wanasali rozari, jamaa wanambusu marehemu kwenye paji la uso, kisha kifuniko hufungwa na safari ya kanisani huanza. Rozalia alikuwa amewapitisha watu wengi kwenye saa ile, amewashika viwiko, amewaambia sasa, busu, inatosha, ondoka.

Usiku theluji nzito yenye maji ilikuwa imeanguka. Gari la wagonjwa lilichelewa kufika, na tulipoianza milima ya kwenda Brzozówka tukakuta lori la mbao limekingama barabarani, dereva wake akirusha mchanga kwa koleo. Tukasubiri. Bogumiła alipiga simu, mara hii akiongea waziwazi mbele ya mama yake: tunakuja, msifunge, tunakuja. Mtandao ulikatika kwenye bonde. Rozalia alikuwa ameketi wima ndani ya mikanda, kitambaa cheusi kichwani, akiitazama theluji inayodondoka kutoka kwenye miti.

Tulipomshusha na kiti chake cha magurudumu, kengele ilikuwa imeshaanza kulia. Ndani ya kikanisa watu walikuwa wamesimama na kofia mikononi. Jeneza lilikuwa limefungwa.

Bogumiła alimkimbilia mwenye majeneza. "Lifungue."

"Dada, tumeshakaza skrubu. Padri yuko mlangoni, na nina mazishi mengine saa sita."

"Mke wake amekuja. Dakika moja!"

Yule mtu hakuwa mbaya. Aliinamisha kichwa akasema polepole ili wengine wasisikie, ila mle ndani kila mtu alisikia. "Dada, tangu jana yuko hapa, wazi, mchana kutwa. Nilikuuliza kama kuna mtu wa familia tunayemsubiri. Ulisema hakuna."

Mzee mmoja nyuma alisema basi lifunguliwe, kuna dhambi gani. Mwanamke mwingine akasema jeneza likishafungwa halifunguliwi, litaita mwingine. Padri alitazama saa, akaitazama sakafu. Bogumiła alisimama katikati yao akiwa amenyoosha mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma bila kujilazimisha.

Rozalia aligonga gurudumu la kiti chake kwa kiganja. Bogumiła akaelewa, akamsukuma hadi kwenye jeneza, kwenye ncha iliyokuwa karibu. Rozalia alitikisa kichwa kukataa. Akanyoosha kidole kule ng'ambo. Sisi wote tulikuwa tumechanganyikiwa, lakini yeye alijua marehemu hulazwa vipi, kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Bogumiła akamzungusha, magurudumu yenye theluji yakiacha maji sakafuni, akamsogeza mpaka magoti yake yalipogusa mbao.

Akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya kifuniko. Alikipapasa vilevile alivyozoea, kwa mviringo, lakini mbao zilikuwa bapa, na mkono ukawa unateleza.

"Głowa," alisema.

Hakuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano kumwita mumewe bila kuuliza.

Padri alikohoa. Hakuna aliyejua nani aanze, maana katika kijiji kile aliyekuwa akianza siku zote ni huyu aliyeketi kwenye kiti. Mwishowe Sabina akaanza, kwa sauti nyembamba isiyomfaa, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," na watu wakaitikia, na mwanga wa milele umwangazie. Rozalia naye aliitikia. Alikuwa na mwendo wote wa sala ile, mapumziko yake, mahali inapopanda na mahali inaposhuka. Ila katika kila nafasi ya neno kulikuwa na neno lile moja, głowa, głowa, głowa, kwa ile sauti nzito iliyozoea kujaza chumba. Watu waliinamisha nyuso. Sala ilisaliwa mara tatu, kama ilivyo kawaida, na mara tatu aliisali yote.

Kwenye karamu ya msiba hakufika. Saa zake za ruhusa ziliishia njiani, nyuma ya lori la mbao.

Hakupatwa na kiharusi cha pili. Bogumiła alikuwa amekiogopa hicho kuliko vyote, na hakikuja. Jumatatu shinikizo lake la damu lilikuwa zuri kuliko wiki zote za nyuma, na daktari alipandisha mabega.

Nilirudi na sentensi zangu. Paa juu ya. Usinizungushie. Ameanguka kwa. Alizimaliza zote, haraka, bila kosa, kama mtoto anayejibu katekisimu akitaka kuachiliwa aende. Zamani neno lile lilikuwa na sauti ya chai na sauti ya maumivu, ya msalani na ya kipara. Sasa lilikuwa na sauti moja. Baada ya Pasaka alipata neno la pili, "hapana", na wenzangu wodini walinipongeza. Nikaenda kuketi chumba cha kadi zangu za picha na kufunga mlango.

Mizinga ilichukuliwa na mfugaji wa kijiji cha jirani. Sabina anasema nyuki walimaliza baridi iliyobaki salama, hawakufa. Rozalia ataondoka kwetu mwezi ujao kwenda kukaa na binti yake Rzeszów, ghorofa ya nne, na hilo hakuulizwa, au aliulizwa na jibu lake halikuhesabiwa.

Bogumiła huja kila Jumamosi na Jumapili. Anamlisha, anamchana nywele, anamfunga kitambaa cheusi vizuri kuliko sista yeyote. Simu yake ikilia hutoka upesi kwenye korido na kufunga mlango, hata ikiwa ni mtu aliyekosea namba. Rozalia hutazama mlango mpaka arudi. Akirudi, hamuulizi kitu.